Mapepe

Oda iliingia saa tano usiku, Jumanne moja ya Novemba 2024. Kurasa sita. Mada: jinsi mpunga unavyoitikia mabadiliko ya tabianchi. Dedilaini: saa thelathini. Malipo: shilingi 250 kwa ukurasa.

Kama huijui hii biashara, wacha nikueleze haraka. Kuna mwanafunzi mahali fulani majuu ambaye hana muda wa kuandika insha yake. Analipa tovuti. Tovuti inampa kazi mtu mwenye akaunti. Mwenye akaunti anaishi Roysambu, ana kazi nyingi kuliko vidole vyake, kwa hivyo ananirushia mimi Umoja. Pesa ikifika kwangu imeshapita mikono mitatu na kila mkono umemega kidogo. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Tangu hapo nimeandikia watu insha za uuguzi, za sheria, za historia ya Roma. Kuna watu wako na digrii huko ambao sehemu ya hiyo digrii ilipikwa kwenye keja yetu, stima ikipotea na kurudi.

Sisemi hivi kwa majivuno. Nasema ili uelewe kwa nini ile mada ilinikalisha kitako.

Mama yangu anauza mchele. Ana kibanda soko la Mutindwa, na pale hakuna anayemwita jina lake. Ni Mama Mchele tu. Kibanda hakifungiki vizuri, kwa hivyo jioni yale magunia ya bei hurudi nyumbani kwa mkokoteni, na hukaa miguuni pa kitanda changu. Pishori, biriani, ya Pakistan, ya Mbeya. Niliianza ile oda nikiwa nimeegemea gunia la mchele, mama akikoroma upande wa pili wa pazia.

Na mpunga ndio uliniondoa chuo.

*

Mwaka 2021 mama alichukua mkopo wa chama, shilingi 70,000. Kaka yake ana shamba Mwea, upande wa Karaba, karibu na mwisho wa mfereji. Walipatana hivi: Anko atatoa ekari moja na kusimamia kazi, mama atatoa pesa ya trekta, mbegu, mbolea na vibarua. Wakivuna, Anko atachukua sehemu yake, nyingine italipa chama na karo yangu. Ekari ile kwa kawaida ilitoa kama magunia 24. Hesabu ilikuwa nzuri. Mama aliiandika nyuma ya daftari la madeni na akanionyesha, akifuata kila mstari kwa kidole.

Krismasi tulienda ushago. Mama alisimama ukingoni mwa ile ekari akiwa amevaa nguo yake ya kanisa, akaangalia. Kila kitu kilikuwa kijani. Masuke yalikuwa yametoka, yamesimama wima kama wanafunzi wakati wa gwaride. Akanipiga picha pale, nikicheka. Bado niko nayo kwenye simu.

Februari 2022 Anko akapiga simu. Magunia manane.

"Manane aje?" mama aliuliza. Nilikuwa nimeketi karibu naye, niliskia sauti ya Anko ikijaribu kueleza, maji haya, jua lile, punje tupu. Mama akamwambia, "Mimi nimeona hiyo shamba na macho yangu. Ilikuwa imejaa." Kisha akasema neno ambalo ndugu hawaambiani. Akakata simu.

Magunia manane hayakutosha hata chama. Chuoni nilikuwa na deni la muhula uliopita, na kwa huo uliokuja sikuweza kujisajili. Niliambia watu nimepumzika muhula mmoja. Muhula mmoja ukawa miwili. Ukifika wa nne, watu huacha kukuuliza unarudi lini.

Mama na kaka yake hawakuongea tena. Mazishi ya shangazi yao walisimama pande mbili za kaburi. Mama akaanza kununua mchele kwa madalali Nyamakima, wa kutoka popote, mradi si kwa kaka yake. Na mimi, nikubali tu, nilimwamini mama. Kila nikikumbuka lile shamba la kijani, nilimwona Anko akipakia pickup usiku.

*

Sasa rudi kwenye ile Jumanne. Nikaanza kusoma, kwa sababu hata insha ya kudanganya inataka msingi wa ukweli.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba mpunga hauna shida na joto kwa jumla. Una shida na joto la saa fulani. Ua la mpunga ni dogo sana, karibu hulioni. Hufunguka asubuhi kuelekea adhuhuri, kwa muda wa saa moja hivi au mbili, chavua inaanguka, kisha linafunga kabisa. Kila ua lina nafasi hiyo moja tu. Joto likipita nyuzi 35 hivi wakati huo, chavua hukauka au hukosa kutoka, na ile punje haitaungwa kamwe. Ganda litakuwepo, la kawaida kabisa ukilitazama kwa nje. Ndani hakuna kitu.

Maji nayo ni vilevile. Mpunga unaweza kuvumilia kiu ukiwa mdogo. Unaweza kuvumilia kiasi ukiwa unaelekea kuiva. Lakini ukikosa maji siku zile chache unapotoa suke na kuchanua, adhabu yake ni hiyo hiyo: punje tupu.

Halafu kuna usiku. Mwaka 2004 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mpunga, IRRI, kule Ufilipino walichapisha hesabu za shamba lao la Los Baños. Walilinganisha mavuno na hali ya hewa kwa miaka mingi na wakakuta kwamba katika msimu wa kiangazi, kila joto la chini la usiku lilipopanda kwa nyuzi 1, mavuno yalishuka kwa karibu asilimia 10. Joto la mchana halikuwa na uhusiano wa wazi namna hiyo. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba mmea hupumua usiku, na usiku wa joto huufanya upumue zaidi, ukichoma chakula ambacho kingeingia kwenye punje. Nilisoma hiyo nikafikiria watu wa ploti yetu, vile hatulali usiku wa Februari chini ya mabati, na asubuhi tunaamka tumechoka kuliko tulivyolala.

Nikasoma na kuhusu hewa yenyewe. Kaboni dioksidi nyingi hewani huweza kuufanya mpunga ukue zaidi, na kuna wanaoishangilia hiyo. Lakini utafiti uliochapishwa 2018, wa aina 18 za mpunga zilizopandwa China na Japani kwenye hewa ya namna tunayoitarajia baadaye karne hii, ulikuta protini, chuma, zinki na baadhi ya vitamini B vimepungua. Sahani ni ile ile, tumbo linajaa, ila kilichomo ni kidogo zaidi. Mtu anayekula na nyama pengine hatasikia tofauti. Mtoto wa Kayole anayekula wali na maharagwe mara tano kwa wiki ataisikia.

Saa nane usiku nikafika sentensi moja kwenye makala ya wataalamu wa kilimo. Ilisema kwamba shamba ambalo punje zake hazikuungwa hubaki kijani muda mrefu kuliko shamba lililozaa. Majani hutengeneza chakula kama kawaida, lakini hakuna punje za kukivuta, basi kinabaki kwenye majani. Masuke nayo hayainami. Suke lililojaa huinama kwa uzito. Suke tupu husimama wima.

Nikatoa simu. Nikatafuta ile picha ya Krismasi.

Kijani. Wima.

Sikuamsha mama. Ningemwambia nini, kwamba nimesoma kwenye intaneti? Nilimaliza zile kurasa sita alfajiri, nikazituma, nikalala na nguo.

*

Siku mbili baadaye kazi ikarudi. Mwalimu wa huyo mwanafunzi, popote alipo, alikuwa ameandika pembeni kwamba hoja ni sawa ila zinaelea. Anataka mfano wa mahali halisi. Mwenye akaunti akanitumia ujumbe: "Ongeza ukurasa moja, mfano wa ground. Hakuna pesa ya ziada, ni marekebisho."

Ningeweza kuandika Bangladesh bila kutoka kitandani. Lakini asubuhi iliyofuata nilimwambia mama naenda kuona rafiki Thika, nikashuka chini ya River Road nikapanda nissan ya Mwea. Nauli ya kwenda na kurudi ilimeza nusu ya malipo yote.

Kama hujawahi kufika, ujue kwamba Mwea haikufanywa na mungu wa mito. Ilichimbwa kwa mikono. Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwatumia watu waliokuwa wamezuiliwa kwa ajili ya Mau Mau kuchimba mifereji ya kuleta maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Kisha wasio na ardhi wakawekwa pale kama wapangaji, kila mmoja ekari nne. Guka yangu alikuwa mmoja wao. Ekari hazikuwa zake, na mpunga pia ulikuwa lazima aupeleke kwa bodi, akibakishiwa magunia machache ya kula. Wakulima walivumilia hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, wakakataa, wakachukua mpunga wao wenyewe. Hizi ekari zimegombaniwa tangu siku ya kwanza, na sisi tuligombania moja tu.

Mchele wenyewe pia ni mgeni. Hiyo pishori tunayoapa nayo ni Basmati 370, aina iliyotolewa mwaka 1933 kwenye kituo cha utafiti cha Kala Shah Kaku, sehemu ya Punjab ambayo leo iko Pakistan. Ilikubali Mwea kwa sababu Mwea iko juu, zaidi ya mita 1,100, na harufu ya basmati hutoka vizuri zaidi punje zikijaa kwenye ubaridi kiasi. Ile harufu inayotoka madirishani Umoja siku ya Jumapili, ukipita unajua nyumba gani leo iko na wageni, inategemea usiku wa Mwea kuwa na kaubaridi. Usibaki baridi sana, maana baridi ya Juni na Julai ikikuta mpunga unaunda chavua, matokeo ni punje tupu pia. Joto linaua, baridi inaua. Katikati kuna mlango mwembamba, na wakulima wa pale wameishi miaka sabini wakiupigia hesabu kwa kalenda.

*

Ukiingia Wang'uru unapokelewa na wauzaji wakikimbilia magari na mifuko ya pishori, na mpunga umeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara. Nikachukua boda hadi kwa Anko. Nilimkuta akiwa na gambuti, amezeeka kuliko nilivyotarajia.

"Kijana ya Mutindwa," akasema. "Mama yako ni mgonjwa?"

"Hapana, Anko. Yuko sawa."

"Basi nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, nimekuja kuandika. Akacheka kidogo, akaniletea uji. Tuliongea Kiswahili kwa sababu Kikuyu changu ni cha kununulia nyanya tu.

Nilimuuliza maswali ya insha kwanza. Maji yako aje siku hizi? Akasema tangu bwawa la Thiba lifunguliwe Oktoba 2022, zamu si kali kama zamani, na wengi sasa wanapanda mara mbili kwa mwaka. Baadaye nilihakiki: bwawa lile linashika mita za ujazo milioni 15.6, na skimu ilitarajiwa kutoka ekari 25,000 hadi 35,000 kwa sababu yake.

"Kwa hivyo shida imeisha," nikasema.

"Shida ya kwanza. Ukipanda mara mbili, shamba hailali. Magonjwa hailali pia." Akahesabu kwa vidole. Blasti, ule ukungu unaovunja shingo ya suke, na Basmati 370 hauwezi kujitetea mbele yake. Ndege wale wadogo, kwelea, wanaoshuka kama wingu. Konokono wa tufaha, ambao walionekana Mwea mwaka 2020, wanakula miche michanga hadi unapanda upya. "Na ukichelewa hiyo msimu ya pili wiki tatu tu, unapata baridi ya Julai kwa mlango."

Akanionyesha jirani anayelima kwa njia nyingine: miche michanga, mmoja mmoja, imeachiana nafasi, na shamba linalowekwa maji kisha kuachwa likauke kidogo kabla ya kuwekwa tena. Njia hiyo ilianzia Madagascar miaka ya 1980, kwa padre Mfaransa, Henri de Laulanié, na Mwea ililetwa 2009 na Profesa Bancy Mati wa JKUAT. Inapunguza maji. Inapunguza na methani pia, kwa sababu udongo uliofunikwa na maji muda wote hukosa oksijeni, na vijidudu vilivyomo hutoa hiyo gesi inayozidi kupasha dunia moto. Hapo nikanyamaza kidogo. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba sahani ya wali ina mkono wake, hata kama ni kidogo, kwenye kesi inayojishtaki yenyewe.

"Mbona wewe hulimi hivyo?"

"Magugu," akasema. "Ukitoa maji, magugu inakuja. Kupalilia ni vibarua. Vibarua ni pesa." Akaangalia uji wake. "Mimi nilikuwa na mtu wa kuweka pesa. Akaniita mwizi."

*

Hakuna njia nzuri ya kuuliza kilichofuata. Nikauliza tu. "Anko, ile mwaka ilikuwa aje?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaamka, akaniambia nimfuate.

Tulitembea hadi ile ekari. Safari hii haikuwa kijani. Ilikuwa ya dhahabu, imelala kidogo upande mmoja, na masuke yote yameinama. Wiki moja hivi ivunwe. Nilisimama palepale mama aliponipiga picha.

"Mwaka ile mvua ya Oktoba ilikataa," akasema. "Hata ile ya mbele yake ilikuwa mbaya." Ni kweli, kuanzia mwisho wa 2020 pembe hii ya Afrika ilikosa misimu mitano ya mvua mfululizo. Mto ukashuka, maji yakawa kwa zamu, na Anko yuko mkiani mwa mfereji. Miche ilikaa kitaluni ikizeeka, ikingoja maji ya kupandikizia. Ilipandikizwa imechelewa sana. Kwa hivyo badala ya kuchanua Novemba, kwenye mvua, ilichanua Desemba, kwenye jua. Zamu ya maji iliyokuwa ifike wiki ile haikufika. Aliye juu ya mfereji alifungua usiku.

"Mlikuja Krismasi, maji yakiwa yamefika juzi yake. Mama yako akaona kijani akafurahi. Mimi nilikuwa nimeshabonyeza masuke. Nilijua."

"Mbona hukumwambia hapo hapo?"

"Siku ya Krismasi? Amevaa hivyo? Na wewe unacheka?" Akatikisa kichwa. "Nilisema labda nusu itajaa. Nilikuwa naomba."

Akaenda hadi kwenye kona iliyoinuka, ambako maji hayafiki vizuri. Mashina machache pale yalikuwa bado kijani, masuke yakiwa yamesimama. Akakata moja. Akakata na jingine lililoinama, kutoka katikati. Akaniwekea yote mawili mkononi. Alitaja zile punje tupu kwa neno la Kikuyu ambalo sikulishika. Baadaye nilipata la Kiswahili kwenye kamusi: mapepe.

"Mpelekee," akasema. "Mwambie abonyeze."

Nilikuwa nimeshageuka aliponiita tena.

"Yalikuwa magunia tisa."

"Nini?"

"Nilimwambia manane. Ilikuwa tisa. Mwenye trekta alikuwa amekuja hapa na vijana, ile pesa ya mama yako ilikuwa imeishia kwa mbolea. Nikampatia gunia moja." Hakuniangalia. "Mtu akishakuita mwizi wa kumi na sita, utamwelezaje kuhusu moja?"

*

Njiani kurudi nilikaa dirishani na masuke mawili kwenye bahasha, nikihesabu. 24 kutoa manane ni 16. Moja lilikuwa la trekta. Kumi na tano hayakuwahi kuwepo. Tulimchukia mtu miaka karibu mitatu kwa sababu ya magunia kumi na tano ya hewa.

Na bado kulikuwa na hilo moja. Nilitaka sana lisiwepo. Ningependa kukuandikia hadithi ambapo Anko ni msafi na jua ndilo lenye makosa yote. Nilifikiria kulificha. Hadi Makutano nilikuwa nimeamua kulificha. Kufika Thika nilikuwa nimebadilisha mawazo. Nililipwa kwa kuandika uongo wa wengine; nyumbani angalau niseme mambo vile yalivyo.

Nilimkuta mama akichagua mchele kwenye ungo, redio imewashwa. Nilimwambia sikuwa nimeenda Thika. Akaendelea kuchagua. Nikaweka masuke mbele yake, kwenye ungo, juu ya mchele.

"Hii ni nini?"

"Hiyo iliyoinama imejaa. Hiyo iliyosimama, bonyeza."

Unajua, mama anaujua mchele kuliko mtu yeyote Mutindwa. Akiushika anakuambia umekaa ghalani muda gani. Akiunusa anakuambia kama pishori imechanganywa. Aliujua wakati India iliposimamisha kuuza mchele mweupe nje, Julai 2023, kabla redio haijasema, kwa sababu dalali wa Nyamakima alikuwa amepandisha bei hata ya ule usiotoka India. Aliujua Aprili 2024, mafuriko yalipoingia kibandani na magunia mawili yakavimba. Lakini aliletwa Nairobi akiwa na miaka kumi na mmoja, kuishi na shangazi yake Maringo. Mchele alikutana nao ukiwa umeshatoka kwenye ganda. Mpunga hakuwahi kuujua.

Alibonyeza punje ya kwanza. Ikabonyea kabisa. Ya pili. Ya tatu. Akalisugua suke lote kati ya viganja, akavifungua, akapuliza. Vyote vikaruka, vikatua kwenye zulia, kwenye kitabu cha madeni, kwenye goti langu. Kiganjani hakikubaki kitu.

Nikamweleza kuhusu ua na saa zake, kuhusu maji yaliyochelewa, kuhusu kijani. Nikamwonyesha ile picha. Aliivuta karibu kwa vidole viwili, akaangalia nyuma yangu, pale masuke yalipo. Kisha nikamweleza kuhusu gunia la tisa.

Alizima redio.

"Hilo moja," akasema baada ya muda, "tutaongea yeye na mimi. Moja naweza. Hizo zingine kumi na tano ndio zimenikalia."

Hakuna aliyelia. Akafagia mapepe, akaweka lile suke lililojaa kwenye kikombe juu ya friji, ambako liko mpaka leo. Mimi nikaandika ukurasa wangu wa mfano halisi, nikautuma. Mwanafunzi alipata alama nzuri, niliambiwa. Sijarudi chuo, na sitakudanganya kwamba niko karibu kurudi. Deni bado liko. Lakini nimeacha kuliweka jina la mtu juu yake, na hiyo imenipunguzia kitu ambacho sikujua nakibeba.

Siku nne baadaye nilikuwa kibandani nikimsaidia kupima. Mteja mmoja aliuliza kama kuna pishori ya kweli, ile ya Mwea yenyewe. Mama akasema itakuja wiki ijayo. Nikamwangalia. Akatoa simu kwenye mfuko wa aproni, akatafuta namba, akaipiga, akageukia ukuta.

Nilisikia akisalimia kwa Kikuyu, salamu ndefu, ya watu waliopoteana. Halafu akahamia Kiswahili, kama afanyavyo akianza biashara.

"Umevuna? Sasa niambie, gunia unauza pesa ngapi?"